Boston, 1976: Albamu Ngumu Kutengeneza, Rahisi Kuimba

Mjadala wa kama Boston ni bendi ya progresivu roki (roki yenye nyimbo ndefu na miundo tata) au la haujaisha hadi leo, na kila upande una hoja zake. Wanaokataa husema nyimbo zao ni fupi, viitikio vimetengenezwa kwa ajili ya redio, na hakuna kibao cha dakika 20 kinachojaza upande mzima wa santuri. Wanaokubali huonyesha wimbo wao "Foreplay/Long Time", huonyesha kinanda, huonyesha magitaa yanayoimba sauti mbili kama kwaya. Mimi nasimama na wanaokubali, ila sababu yangu ni nyingine. Bendi nyingi za progresivu za miaka ya 1970 zilimpa msikilizaji kazi: ahesabu mapigo yanayobadilika, akumbuke mahadhi yaliyopita dakika 10 nyuma. Boston walichukua vifaa vilevile, elimu ya muziki wa klasiki, vinanda, vipande vilivyounganishwa, sauti zilizorundikwa, halafu kazi yote ikabebwa na mtengenezaji. Msikilizaji akaachiwa wimbo.

Albamu yao ya kwanza, iliyoitwa Boston tu, ilitoka tarehe 25 Agosti 1976 chini ya kampuni ya Epic. Nyimbo 8, chini ya dakika 38. Ilipanda hadi namba 3 kwenye chati ya Billboard, na Marekani pekee imethibitishwa kuuza nakala milioni 17. Jalada lake lenye vyombo vya angani vyenye umbo la gitaa huenda umeliona hata kama hujawahi kuisikiliza.

Aliyeijenga ni Tom Scholz, mhandisi wa mitambo aliyesoma chuo cha teknolojia cha MIT na kuajiriwa na kampuni ya kamera ya Polaroid kubuni bidhaa. Mchana alikuwa kazini. Usiku alikuwa katika chumba cha chini ya nyumba huko Watertown, Massachusetts, chumba kidogo chenye kuta za mbao za msonobari kilichobanana na tanuri la kupashia jengo joto, na ambacho maji yalikuwa yakiingia mara kwa mara. Humo alikuwa na mashine ya kurekodia ya Scully yenye treki 12, yaani njia 12 kwenye tepu, kila moja ikibeba sauti yake. Gitaa la solo, gitaa la ridhimu, besi na kinanda, sehemu kubwa ya unachosikia kwenye albamu ni mikono yake. Brad Delp, shabiki mkubwa wa Beatles, aliimba sauti ya mbele na sauti zote zinazomzunguka.

Epic walitaka nyimbo zirekodiwe upya kwenye studio rasmi. Kilichofanyika ni ujanja ambao leo unajulikana wazi: prodyuza John Boylan aliwachukua wanabendi wengine hadi Los Angeles, wakarekodi "Let Me Take You Home Tonight", wimbo wa Delp, huku Scholz akibaki Watertown akirekodi nyingine zilizobaki kwa vifaa vyake mwenyewe. Alipomaliza, lori la kurekodia lilikuja kutoka mji wa Providence, nyaya zikapitishwa kwenye dirisha la chumba cha chini, na kazi ikahamishwa kutoka treki 12 kwenda kwenye mashine ya treki 24. Kampuni iliamini imepata albamu ya studio kubwa. Ukiisikiliza kwa makini ukijua hilo, unaelewa kwa nini "Let Me Take You Home Tonight" inasikika kama imetoka mahali pengine: kweli ilitoka mahali pengine.

Hesabu ya treki 12

Anayerekodi leo kwenye kompyuta hana tena habari na uhaba wa treki, kwa hiyo inafaa kuipiga hesabu ili ugumu uonekane. Chukua wimbo wa kawaida wa aina hii. Drams: treki 4, yaani kiki, sneya, na mbili za seti nzima. Besi: 1. Gitaa kavu likipigwa mara mbili: 2. Gitaa la umeme la ridhimu, kushoto na kulia: 2. Gitaa la solo na mwenzake wa sauti ya pili: 2. Kinanda: 1. Jumla ni 12, na bado hakuna aliyefungua mdomo kuimba.

Njia ya kutoka hapo ilikuwa kukusanya. Unarekodi magitaa 4 kwenye treki ya 7 hadi ya 10, unayapima moja moja mpaka yalingane, unayamimina yote kwenye treki ya 11 na 12, halafu unafuta yale manne ya mwanzo. Umepata nafasi 4 mpya. Gharama zake ni tatu. Kwanza, mvumo wa tepu: kila nakala inaongeza mvumo wake juu ya ule wa zamani, na nakala ya kwanza tu inaupandisha kwa takriban desibeli 3 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti). Pili, sauti kali za juu, kama matoazi na mchanganyiko wa nyuzi za gitaa kavu, hufifia kidogo kila zinaponakiliwa. Tatu, na hii ndiyo inayouma, uamuzi haurudi nyuma. Ukigundua wiki mbili baadaye kwamba gitaa la sauti ya pili lilikuwa chini mno, huwezi kulipandisha peke yake, unaanza upya.

Kuna na suala la kusikiliza huku unarekodi. Kwenye mashine ya tepu, kichwa cha kurekodi na kichwa cha kusomea havikai mahali pamoja. Tuseme pengo ni inchi 2 na tepu inakwenda inchi 15 kwa sekunde: ukisikiliza kupitia kichwa cha kusomea, kila unachopiga kitaingia kwa kuchelewa milisekunde 133, na hakuna mpiga gitaa duniani atakayelingana na drams hapo. Ndiyo maana mashine za treki nyingi huruhusu kichwa cha kurekodi kisome treki za zamani wakati kinaandika mpya. Sauti unayoisikia wakati huo ni butu, na inabidi mpigaji aivumilie.

Magitaa mawili, amplifaya mbili

Sasa tuje kwenye moyo wa albamu hii, mahali ambapo watu wengi wanaojaribu kuiga hukwama.

Magitaa ya Boston yanaimba kwa sauti mbili, aghalabu kwa pengo la tatu. Aliyepita kwenye kwaya na kusoma solfa ataelewa mara moja: gitaa la kwanza likienda do, re, mi, fa, la pili linakwenda mi, fa, so, la. Kosa la kwanza ni kudhani pengo hilo ni moja. Kutoka do hadi mi ni nusu-toni 4 (nusu-toni ni hatua ndogo kabisa kati ya noti mbili), re hadi fa ni 3, mi hadi so ni 3, fa hadi la ni 4. Pedali au programu inayopandisha kila noti kwa nusu-toni 4 bila kujali ufunguo itakupa noti ngeni kwenye re na mi. Katika ufunguo wa D, noti ya E ikipandishwa hivyo inakuwa G kali (nusu-toni moja juu ya G) badala ya G. Inauma sikio, na mtu asiyejua solfa atalaumu gitaa.

Kosa la pili ni kwenye kuvuta nyuzi. Gitaa la kwanza likivuta kutoka C kali hadi D, limevuta nusu-toni. Mwenzake wa juu, ili abaki kwenye ufunguo, anavuta kutoka E hadi F kali, ambayo ni toni nzima. Kwa hiyo vidole viwili vinasafiri umbali tofauti na lazima vifike kwa wakati mmoja. Unapopiga mwenyewe sauti zote mbili, rekodi kwanza ile yenye mvuto mrefu, kwa sababu ndiyo inayoamua kasi. Ile fupi ni rahisi kuichelewesha ili ilingane.

Kosa la tatu ndilo kubwa, na linahusu uvurugaji wa amplifaya, yaani sauti kukwaruzwa. Wapo wanaojaribu kupiga sauti zote mbili kwa mkono mmoja, nyuzi mbili kwa pamoja, kwenye amplifaya iliyopandishwa mpaka inakwaruza. Matokeo ni matope. Amplifaya inayokwaruza hailetei noti mbili tu, inazizidishia. Ukiingiza D ya Hz 294 (mitetemo 294 kwa sekunde) na F kali ya Hz 370, inazalisha pia tofauti yao, Hz 76, pamoja na jumla yao na nyingine nyingi ambazo hazimo kwenye kodi. Ukirekodi kila noti peke yake, kwenye treki yake, kila moja inakwaruzwa bila kukutana na mwenzake. Zinakuja kuchanganyika baadaye zikiwa tayari zimeshaundwa, na mchanganyiko unabaki msafi. Hapo ndipo ulipo ule mwanga wa magitaa ya Boston: ukali wa roki kwa kila gitaa, usafi wa kwaya yakiwa pamoja. Gitaa lenyewe, Les Paul ya 1968, lina mchango wake, ila ukilipata na kupiga nyuzi mbili kwa mpigo hutaisikia albamu hii.

Halafu kuna kurudufu. Gitaa la ridhimu linapigwa mara mbili tangu mwanzo hadi mwisho, rekodi moja inawekwa kushoto kabisa, nyingine kulia kabisa. Anayetumia Audacity au programu nyingine ya kompyuta hushawishika kurekodi mara moja na kunakili. Haifanyi kazi. Nakala mbili zinazofanana kabisa, moja kushoto na moja kulia, hukaa katikati kama sauti moja iliyoongezwa nguvu. Ukichelewesha nakala moja kwa milisekunde 10, kwenye hedifoni itaonekana imepanuka, lakini kwenye spika moja ya simu masafa yataanza kufutana: Hz 50, Hz 150, Hz 250, na kuendelea kwa mwendo huohuo, na gitaa litasikika kama linatokea ndani ya bomba. Lazima upige tena. Tofauti ndogondogo za mkono, ambazo hazirudii mahali palepale, ndizo zinazoleta upana.

Vipimo vya kufuata ni hivi. Pigo la kwanza la kila kipimo cha muziki lisiachane kwa zaidi ya milisekunde 20 au 30, la sivyo sikio linaanza kusikia watu wawili wanaokimbizana. Tuni gitaa kabla ya kila rekodi, maana senti chache za tofauti (senti ni sehemu ya mia ya nusu-toni) kati ya kushoto na kulia huufanya wimbo mzima uonekane mgonjwa. Na punguza ukwaruzaji kuliko unavyopenda unapopiga peke yako. Rekodi mbili zikikutana, unene unajileta.

Kupiga amplifaya ya Marshall kwa nguvu zake zote ndani ya jengo la watu usiku ni tatizo jingine, na jibu la Scholz lilikuwa la kihandisi: kifaa kinachokaa kati ya amplifaya na spika, kinachomeza umeme na kuugeuza joto. Kwanza alikitengeneza kwa matumizi yake, kisha mwaka 1980 kampuni yake ikakiuza kwa jina la Power Soak. Sababu ya kukihitaji ni hesabu inayowashangaza wengi: kushusha amplifaya kutoka wati 100 hadi wati 50 kunapunguza desibeli 3 tu, tofauti ambayo jirani hataiona. Ili kelele ishuke kwa desibeli 20 lazima ufike wati 1, na wati 99 zilizobaki zinapaswa kwenda mahali. Onyo kwa anayetaka kujaribu: amplifaya ya valvu usiiwashe na kuipiga bila spika wala kifaa cha aina hii. Transfoma ya kutolea sauti inaweza kuungua.

Mlango ulioachwa wazi

"More Than a Feeling" ilimchukua Scholz takriban miaka 5 kuikamilisha, na ilipotoka ilifika namba 5 Marekani. Inaanza kwa gitaa kavu linaloingia polepole kutoka kimya. Kodi za ubeti ni D, C yenye D ndani yake, G iliyosimama juu ya B, kisha G. Zipige taratibu usikilize mambo mawili. Chini, besi inateremka: D, C, B, halafu inaangukia G. Juu, noti ya D haiondoki. Imo kwenye kodi zote nne. Kitu kinateremka, kingine kimesimama. Hiyo ndiyo huzuni ya ubeti, na imepatikana kwa vidole vinne.

Kisha kiitikio: G, C, E ndogo, D. Ufunguo umehama kutoka D kwenda G, na hakuna anayeshtuka. Kwa nini? Rudi kwenye kodi ya pili ya ubeti. Ufunguo wa D una C kali, sio C ya kawaida. Ile C ilikuwa ya nyumbani kwa G tangu mwanzo. Mlango ulikuwa wazi sekunde chache baada ya wimbo kuanza, sikio likazoea, na kiitikio kinapofika kinaonekana kama kurudi nyumbani. Bendi nyingine ya progresivu ingeuonyesha mhamo huo kwa kishindo cha drams. Hapa umefichwa, na kwa maoni yangu kuuficha ni kazi ngumu zaidi.

Anayeupiga wimbo huu hukosea sana kwenye kodi ya tatu. Wengi hupiga G ya kawaida yenye G chini, basi besi haiteremki tena, inaruka, na ubeti unapoteza mwendo wake. Zuia uzi wa sita kwa ncha ya kidole kilichoko kwenye uzi wa tano, ili B iwe noti ya chini kabisa.

Sehemu ya solo nayo ni wimbo ndani ya wimbo. Unaweza kuipiga mluzi mwanzo hadi mwisho. Sauti ya Delp inapopanda mwishoni mwa ubeti na kushikilia noti ya juu, gitaa linaipokea hapohapo, na kwa nusu sekunde hujui unasikiliza koo au uzi.

Kuhusu koo hilo. Sauti zote za nyuma ni za Delp, zikirekodiwa moja moja. Urudufu wa sauti ya mtu una matatizo yake: vokali husamehe, konsonanti hazisamehe. "S" tatu zikitua kwa nyakati tatu zinasikika kama nyoka, na "t" zikitawanyika zinakuwa kama changarawe. Dawa ni kumwacha mwimbaji wa mbele atamke konsonanti zote, na rekodi za nyuma zilainishe au ziziache kabisa zile za mwisho wa neno.

"Foreplay/Long Time" ndipo upande wa progresivu unapoonekana uchi. Ni dakika 7 na sekunde kama 47. Sehemu ya kwanza haina maneno: kinanda kinakimbia kwa noti za tatu-tatu, drams zinakata kati yake, na mtu aliyelelewa na piano ya klasiki anasikika wazi. Kisha utulivu wa ajabu, na "Long Time" inaingia na mwendo wa roki wa moja kwa moja. Ujanja uko kwenye kiitikio: badala ya kupandisha kelele, wanashusha, gitaa kavu na makofi, na kwa sababu umetoka kwenye dhoruba ya kinanda, ushukaji huo unaonekana mkubwa kuliko kelele yoyote. Anayekariri sehemu ya kinanda asianze kwa kasi. Hesabu tatu kwa kila pigo kwa mguu, mkono wa kushoto peke yake, mpaka tatu hizo ziwe sawasawa. Mwanzoni mkono huwa na tabia ya kuiharakisha ya tatu, na ukiongeza kasi kosa hilo linageuka kukwaa.

"Hitch a Ride" nayo ina kitu kidogo cha kutafutwa. Kinanda hakiwezi kuvuta noti kama gitaa, kwa hiyo Scholz aligusa gurudumu la tepu kwa kidole ili lipunguze mwendo, na noti ikajikunja. Kidole kikibana sana tepu inayumba na noti inaanguka. Kikigusa kidogo mno hakuna kinachosikika.

Drams zilileta uchungu wake. Jim Masdea, aliyekuwa na Scholz tangu siku za majaribio, anasikika kwenye "Rock & Roll Band". Kwingine ni Sib Hashian, aliyetakiwa kuvipiga upya vipande ambavyo Masdea alikuwa ameshavitunga, pigo kwa pigo. Ni haki kumtaja Masdea kila albamu hii inapozungumzwa.

Kuchanganya sauti kulifanyika Los Angeles, kabla mashine za kukumbuka mienendo ya vitufe hazijaenea, kwa hiyo wimbo ulichanganywa kwa mikono, kwa wakati wake, kuanzia mwanzo hadi mwisho. Watu watatu walikaa kwenye meza: Boylan, fundi Warren Dewey, na Scholz kwenye magitaa. Scholz alikuwa akiyasukuma magitaa juu mpaka uimbaji ukawa unazama, tabia ambayo mtu yeyote aliyerekodi gitaa lake mwenyewe mara kumi na mbili anaielewa. Kwa anayefanya kazi hiyo leo peke yake, kipimo kizuri ni kushusha sauti ya spika taratibu mpaka karibu na kimya. Sauti ya mwimbaji iwe ya mwisho kupotea, ikifuatana na sneya. Gitaa likibaki peke yake mwishoni, lishushe desibeli 2, kisha rudia tangu mwanzo wa wimbo.